Kufuli la Bomba la Ufukweni

Jumapili, tarehe tatu Februari, mjukuu wangu wa mwaka mmoja na nusu alinilegea mikononi ufukweni. Tangu bibi yake afariki tunaishi wawili, na siku hiyo nyumba yetu ya bati ilikuwa tanuri, nikampeleka akapunge upepo. Maji tuliyobeba aliyamwaga yote mchangani akicheza. Nikamkimbiza kwenye bomba la manispaa, nikalikuta limetiwa kufuli.

“Ufunguo anao bosi, babu,” mlinzi wa bomba akasema. “Jumapili haji.”

“Mguse shavu, mwanangu.”

Akamgusa, kisha akalivunja kufuli kwa jiwe. Maji yalipomfika kinywani na kichwani mtoto akalia.

Jumatatu mlinzi akafukuzwa kazi. Nilikwenda kwa wakubwa kuuliza, na bado nauliza: yule bosi aliyafunga maji ili nani asinywe?