Maneno Yanayotangulia Simu

Kazini wananiita Mkasi, na jina hilo nimelipata kihalali. Chochote kinachosonga mitambo ya simu, mimi nakikata. Sina huruma hata chembe, na mpaka juzi nilikuwa nikijivunia.

Ngoja nieleze kidogo, maana watu wanadhani simu inaita tu yenyewe. Kabla haijaita, simu yako inatuma ombi kwenye mitambo: mimi ni fulani, namtafuta fulani. Ndani ya ombi hilo kuna nafasi ndogo, kama kifuko, ya kubeba maneno machache ya mpigaji. Ukiandika "nipo mlangoni," maneno yanatokea kwenye kioo cha mwenzako huku simu inaita, kabla hata hajapokea. Kampuni yetu ilianza kutoa huduma hiyo mwaka jana, na fundi aliyeiunganisha ni mimi.

Mtu wa kwanza kumfundisha alikuwa Mama. Ana presha, anaishi peke yake, na habari ya kuhamia kwangu hataki hata kuisikia. "Nije nikae kwenye kochi lako nitazame ukuta? Niache na sufuria zangu." Basi tukapatana. Kila siku saa nne asubuhi ananipigia na maneno "nimeamka salama." Nikiyaona, sipokei; naiacha simu iite mpaka ikome, naye anajua nimesoma. Siku akiwa na shida, ataandika "pokea." Nilijiona mtoto mwenye akili kweli. Mama yuko salama, mimi niko kazini, hakuna anayemsumbua mwenzake.

Lakini Mama ni Mama. Wiki mbili hazijaisha, akaandika "pokea." Nikachomoka kwenye kikao roho mkononi. Kumbe kuku wa jirani kaingia jikoni, kataga ndani ya sufuria! Mama alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka, nilimfokea. "Mama, neno hilo si la mchezo! Nina kazi!"

"Haya baba, nimekosa," akasema.

Mwezi uliofuata aliandika tena, kwa adabu kama anaomba kwa mgeni: "pokea kama una nafasi." Sikuwa na nafasi. Jioni nilikuwa nayo, na bado sikumpigia. Hakuniuliza, nami nikashukuru kwamba hakuniuliza. Baada ya hapo ikawa ni "nimeamka salama" tu, asubuhi baada ya asubuhi.

Ikaja siku ya matokeo ya mitihani. Jamani, siku hiyo kila mzazi anampigia kila shangazi. Kufika saa tatu, taa za mitambo zilikuwa nyekundu ukuta mzima, na mkuu wetu wa zamu, mama mtu mzima asiyepandisha sauti hata siku moja, alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Mkasi, tunazama."

"Tukate vifuko," nikamwambia. "Simu zipite, maneno yabaki."

Mtambo una swali moja kabla ya kukubali: mpigaji aarifiwe kwamba maneno yake hayakufika, au asiarifiwe? Nikachagua asiarifiwe. Kila taarifa nayo ni mzigo.

"Sasa watu watajuaje?" mkuu akauliza.

"Hawatajua. Jioni nawarudishia."

Taa zikaanza kurudi kijani moja moja. Wenzangu wakapiga makofi, nami nikaegemea kiti mikono kisogoni, bwana mkubwa.

Saa nne kamili simu yangu ikaita. Mama. Jina lake tu, chini yake patupu. Wala sikushangaa, si nimekata mwenyewe? Nikayajazia maneno yake kichwani: nimeamka salama. Nikaiacha iite mpaka ikakoma.

Ikaita tena. Nikasema, huyu naye leo ana hamu.

Mara ya tatu mkuu wa zamu alikuwa ananiletea chai kwa mkono wake, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu. Nikaigeuza simu kifudifudi mezani.

Saa saba akapiga mdogo wangu, fundi cherehani anayeishi mtaa wa nyuma ya Mama. Alikuwa analia kwa hasira.

"Kaka, nimemkuta Mama sakafuni. Upande mmoja hauna nguvu, mdomo umekwenda kombo. Tuko hospitali." Akavuta pumzi. "Simu yake inasema maneno yametumwa. Mara tatu! Kwa nini hukupokea?"

Nilifungua kumbukumbu za mtambo, nikaandika namba ya Mama. Mistari mitatu.

"pokea mwanangu."

"pokea mkono hauinuki."

"poke."

Mwisho wa kila mstari mtambo umeandika: yameondolewa, mpigaji hakuarifiwa. Niliisoma tena na tena mpaka mkuu wa zamu akaniondoa kwenye kiti. Alisoma, akavua miwani, akaniambia niende.

Daktari alisema saa zile tatu ndizo zilizomharibia. Kama angeletwa mapema, huenda ulimi ungepona, angeweza kusema. Siku ya tatu Mama alifungua macho vizuri, akanitazama, akageukia dirisha. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, hayakunifikia. Naapa. Nilikata maneno ya watu wote siku ile."

"Hata ya Mama?" mdogo wangu akauliza kutoka mlangoni.

"Ya wote."

"Kweli wewe ni Mkasi," akasema, akatoka nje.

Mama alikuwa bado ananisikiliza, nilijua kwa jinsi shingo yake ilivyokaza. Akapapasa chini ya mto wa kitanda, akaitoa simu yake, akaanza kuandika kwa kidole gumba cha kushoto. Alichukua muda mrefu sana. Nilitaka kumsaidia, akauondoa mkono wangu.

Simu ikaita mfukoni mwangu. Jina lake, na chini yake maneno, maana vifuko nilikuwa nimeshavirudisha:

"yangefika ungepokea"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Nani angenipinga? Lakini nilimkumbuka kuku, nikakumbuka "kama una nafasi," na simu iliyolala kifudifudi pembeni ya chai. Simu iliendelea kuita, naye alikuwa ananitazama sasa, jicho moja likitoa machozi na lingine kavu.

Nikapokea. Nikaiweka sikioni, nikamsikia anavyohema, mara mbili, kwenye simu na pale kitandani.

"Sijui, Mama," nikasema.

Akakata.