Somo la Watu Wazima

Mimi nina mdomo, sikatai. Miaka kumi na minane nimewafundisha watu kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama, na siku zote nimefundisha kwa mzaha, maana mtu anayecheka halali darasani.

Safari ile ilikuwa kiwanda cha mashati. Meneja alinipa nusu saa, akatazama saa yake hata kabla sijafungua begi. Nina midoli mitatu ya mazoezi: wa mtu mzima, wa mtoto na wa kichanga. Nilitoa ule mkubwa tu. Kiwandani wanafanya kazi watu wazima, ya nini kuwapotezea muda?

Fundi mmoja wa cherehani, mama wa makamo ambaye wenzake walimwita Mama Swali, alikandamiza mdoli mara thelathini bila kutua. Nikampongeza. Yeye akauliza, "Na kachanga je, mwalimu?"

"Kwani siku hizi mnaajiri vichanga humu?"

Wakaangua kicheko, hadi meneja. Heri kujikwaa dole kuliko ulimi, walisema wahenga, na mimi sikujikwaa, nilianguka kifudifudi. Ila siku hiyo sikujua. Niliwaandikia namba yangu ya simu ubaoni, nikaenda zangu nikijiona bingwa.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nilikuwa shuleni nikiwafundisha walimu. Simu ikaita.

"Mwalimu, mjukuu wangu hapumui!"

Nikaijua sauti ya Mama Swali. "Ana umri gani, mama?"

"Miezi mitano. Leo sina zamu, nimebaki naye, nimemkuta hivi hivi kitandani. Jirani ameshaita gari la wagonjwa, na mama yake tumempigia kazini. Nimeshaanza kumkandamiza."

"Kwa vidole vingapi?"

"Vidole? Kwa viganja, mwalimu. Vyote viwili. Si ndivyo?"

Nikamwambia aweke simu sakafuni kwa sauti ya juu, amlaze mtoto hapo hapo chali, kichwa kisirudishwe nyuma sana. Vidole viwili tu, mama, katikati ya kifua, chini kidogo ya chuchu. Ukifika thelathini, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, puliza mara mbili, pumzi ndogo ya kujaza mashavu yako tu. Yote hayo niliyamwaga kwa mkupuo mmoja.

Nikapiga magoti mbele ya mdoli wa kichanga, nikaukandamiza huku nikihesabu kwa sauti, walimu wamenizunguka. Sikuona kitu. Sikujua vidole vyake viko wapi. Nilimsikia akihema tu, akimbembeleza, "Mume wangu, amka, mume wangu," kama bibi anavyomwita mjukuu wake wa kiume.

"Kifua kinainuka ukipuliza?"

"Sijui! Sijui, mwalimu!"

Mdoli wangu ulikuwa unainuka vizuri kabisa. Nilitamani kuupiga ukutani. Mikono yangu yote miwili mizima, na haikuwa na kazi yoyote duniani.

Tulihesabu dakika kumi na moja. Kisha nikasikia mlango, viatu, sauti ya mwanamume ikisema, "Tupishe, mama." Nikanyamaza. Wakawa wanahesabu wao. Wakahesabu kwa muda mrefu, halafu wakaacha.

"Pole sana, mama," sauti ile ikasema.

Huenda mtoto alishaondoka kabla hata bibi hajaingia chumbani. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na sitajua kamwe.

Simu haikukatwa. Gari lilipoondoka na mtoto, bibi aliyebaki kumngoja mama wa mtoto akaiokota.

"Upo, mwalimu?"

"Nipo, mama."

"Ni mikono yangu?"

"Si mikono yako. Ni mimi. Uliniuliza, nikakucheka."

Nje kwao pikipiki ilisimama, na mtu akaja mbio.

"Mama yake huyo anaingia," akasema kwa kunong'ona. "Mimi siwezi, mwalimu. Mdomo haufunguki. Sema naye wewe."

"Mama, subiri..."

Simu ilishabadilisha mikono. Nikasikia pumzi za mtu aliyepanda ngazi kwa kukimbia.

"Haloo? Nani mwenzangu?" akauliza mwanamke, sauti bado changa. "Mbona mama hataki kuniangalia? Mwanangu amepelekwa hospitali gani?"