Kelele Juu ya Jina la Kosiya

Programu ya tatu ya kuchezea nyimbo nayo ilikuwa na mdomo mchafu kama wenzake. Mama alikuwa anaimba vizuri, sauti imetulia, sufuria inagonga nyuma yake, na Erisa amekaza meno mbele ya kompyuta akisema moyoni, leo itapita, leo itapita. Haikupita. Mama alipoacha kuimba na kufungua mdomo kuita, akafika kwa "Ko—", sauti ya dume fulani ikamrukia: "EKSKLUSIIIVU!" Halafu honi ya lori. Halafu kimya.

Erisa alisukuma kiti nyuma kama mtu aliyekuta unywele kwa supu.

"Huyo bwana bado iko?" Mzee Kosiya aliuliza kutoka kwa kochi.

"Bado, Tata," alimjibu baba yake.

"Mutoe."

Ndiyo basi. Mzee alikula ujana wake ndani ya mgodi wa Kilembe, na mpaka leo alikuwa anaongea na watu kama bado anawasimamia huko chini gizani. Neno moja, halafu anangoja.

Na alichokuwa anangoja kilikuwa kitu kidogo. Zamani, mgodi ukiwa bado na kazi, alinunua redio ya kaseti, akaificha nyuma ya mlango wa jikoni, akamrekodi mkewe Ainembabazi akiimba wimbo wake wa kupikia. Wimbo wa kujitungia mwenyewe, hauko kwa kitabu cha kanisa lolote. Mwisho wa kaseti mama anafunika sufuria na kumwita mume wake aje kula. Hayo tu. Mama alipofariki, mzee akawa anasikiliza kaseti hiyo kila jioni. Halafu mto Nyamwamba ukafurika, ukaingia kwa nyumba za mgodi bila kubisha hodi, na mzee akahamia kwa mtoto wake Erisa, Kasese mjini, na koti moja na kaseti iliyojaa matope.

Erisa aliiosha, akaianika, akampa rafiki yake Siraj, mwenye lori, aipeleke Bwera kwa laibrari, yaani duka la nyimbo, ya mtu anaitwa Faruku, wamwekee kwa flashi. Kaseti ilisikika mara moja tu, halafu mashine ya Faruku ikaimeza, ikaikatakata. Iliyobaki ni ile ya flashi. Na kwa ile ya flashi, palepale jina la Kosiya linapotoka, dume linanguruma.

Erisa alikuwa karani wa stoo kwa kiwanda cha simenti, na diploma yake ilikuwa ukutani, imefungwa kwa kioo. Mtu wa diploma hakosi sababu. Yeye alisema kosa ni la programu, kwa maana ni za bure. Aliwahi kutumia programu ya bure ya kukata picha, ikaandika jina lake juu ya uso wa kila mtu, hata askofu. Sasa za muziki si ni wale wale? Zinakukatiza mpaka ununue ile kamili.

Kwa hiyo aliitupa ya kwanza, Tamtam, ambayo ilikuwa maskini tu, dirisha la kijivu na vitufe vinne. Akaweka Orbiti. Orbiti iliingia kama mgeni anayekuja na ndugu zake wote. Ilibadilisha ukurasa wa intaneti, ikaleta matangazo ya dawa ya kupunguza tumbo, ikazunguka kompyuta nzima ikiokota kila sauti, hata mlio wa simu ya zamani na mahubiri ya shemeji. Mbaya zaidi, ilikwenda yenyewe kwa intaneti kutafutia kila wimbo picha. Kiconco, mke wa Erisa, alitoka jikoni na ungo wa maharagwe, akasimama mlangoni.

"Baba Kusiima. Ni nani huyu mwanamke uchi kwa sebule yangu?"

Erisa aliinua macho. Kwa skrini kulikuwa na binti amevaa nyoka tu.

"Ni mama," alisema.

"Mama?"

"Yaani wimbo ni wa mama. Picha imejileta!"

Mzee aligeuza uso ukutani. Erisa alifuta Orbiti, na mabaki yake yakaendelea kujitokeza kila asubuhi kama chawa baada ya kunyoa.

Ya tatu, SuperSauti, ilikuwa na vitufe vingi vya kupandisha na kushusha. Erisa alishusha besi ili dume lipotee. Mama akaimba kama yuko ndani ya choo cha shimo, na dume likabaki zima, limenona. Akapandisha. Mama akalia kama mbu. Dume likasema EKSKLUSIIIVU safi kuliko jana, mpaka ukasikia mate yake.

"Unatumia takataka," Siraj alimwambia kwa simu. "Mimi niko na Jogoo Pleya. Kuja Bwera usikie muziki, Bwana Stoo. Hizo zako ni timu za daraja la pili."

"Na Jogoo haina kelele?"

"Jogoo? Wallahi hata ukikohoa karibu yake inapunguza."

Jumamosi Erisa alipanda gari hadi Bwera. Kompyuta ya Siraj ilikaa sebuleni imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Siraj alikitoa taratibu, akafungua Jogoo, akapuliza vumbi la spika, akakunja mikono. Mama aliimba. Kwa kweli aliimba vizuri kuliko kwa Erisa, na Siraj alimtazama mgeni wake kwa jicho la ushindi. Mama akafunika sufuria. "Ko—"

"EKSKLUSIIIVU!"

Siraj alirudisha nyuma. Akasikia tena. Halafu alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Bwana Stoo! Umekaa wiki nzima unabadilisha kijiko, na jiwe iko kwa maharagwe!"

Erisa hakucheka. Alijisikia kama mtu aliyepaka manukato shati ambalo halijafuliwa. Programu nne, zote zinakatiza neno moja, mahali pamoja, na yeye na diploma yake hajaliona hilo. Alichomoa flashi.

"Nipeleke kwa huyo Faruku."

Faruku alikuwa kijana wa miwani ya jua ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Duka lilinuka soksi na waya zilizoungua, na kila ukuta ulikuwa na picha yake mwenyewe.

"Hiyo sauti ni yangu, mzee wangu," alisema kwa fahari. "Hiyo ni muhuri. Bila muhuri, Wakongo wanaiba kazi yako, wanauza mpaka Butembo."

"Kazi yangu? Ni mama yangu amepika!"

"Ndiyo nimemlinda. Na nimefanya heshima, sikuweka katikati. Nimeweka mwisho, pale nyimbo imeisha. Pale kuna mama tu anapiga kelele ya chakula."

Erisa alipiga hatua moja kumfuata. Siraj alimshika mkono.

"Ile safi iko wapi?" Siraj aliuliza.

"Safi hakuna. Mimi naweka muhuri juu ya ile ile, kompyuta isijae." Faruku alijikuna shingo, akaangalia kucha kuona alichotoa. "Mkitaka, naweza ongeza honi ya pili."

Erisa alitoka nje akatema mate, akatema tena, na bado mdomo ulikuwa mchungu. Atamwambia nini mzee? Kwamba sauti ya mwisho ya mkewe duniani imekaliwa na huyu mtu wa soksi, na haitoki tena? Alitembea bila kuangalia, akafuata watu hadi karibu na mpaka wa Kongo pale Mpondwe, Siraj nyuma yake akiita. Na hapo, kati ya nguo za mitumba na samaki wa chumvi wenye nzi, alimsikia mama yake.

Alikuwa anaimba kutoka kwa toroli. Juu ya toroli kulikuwa na spika iliyofungwa kwa mpira, na betri ya gari, na nyuma yake kijana mwembamba anayeuza nyimbo za flashi. Pembeni walevi wawili walikuwa wanacheza ule wimbo, wanatingisha viuno kwa wimbo wa mama yake. Erisa alisukuma watu, akainua ngumi.

Mama akafunika sufuria.

"Kosiya! Kosiya wee! Kuja, chakula inapoa!"

Ngumi ilibaki juu.

"Papa, utanipiga ao utanunua?" kijana aliuliza. "Juu mukono ikikaa hivyo inachoka."

"Huyo ni mama yangu!"

"Mama yako? Anaimba muzuri! Bamama ba Kasindi, kule kwetu Kongo, banamupenda sana. Banapiga hii nyimbo saa bwana zao banachelewa ku baa."

"Umeitoa wapi, mwizi wewe?"

"Mimi Célestin, papa, hapana mwizi. Nasafishaka duka ya Faruku kila mangaribi. Mbele hajatia makelele yake, mimi niko nishakopia yote." Alitikisa kichwa kwa huruma. "Mutu hawezi kuuza nyimbo na ile kelele. Iko haya."

Siraj aligeuka, akaziba mdomo, mabega yakimtetemeka. Erisa alimwangalia kijana, akaangalia walevi, akaangalia nzi wa samaki. Kuna chai yenye nzi, na ukiwa na kiu unatoa nzi, unakunywa. Alimpa kijana flashi. "Polisi watakusikia," alisema, huku akingoja amalize kukopi.

Nyumbani alifuta Jogoo aliyowekewa na Siraj kwa flashi, akafuta SuperSauti, akairudisha Tamtam, ile maskini aliyoitukana kwanza. Haikuleta picha. Haikusema kitu. Mama aliimba mpaka mwisho, akafunika sufuria, na jina likatoka zima.

"Kosiya! Kosiya wee! Kuja, chakula inapoa!"

"Nakuja," alisema mzee.

Alitafuta fimbo, akasimama, akaenda mezani, akakaa. Mezani kulikuwa na ungo wa maharagwe ambayo hayajachaguliwa. Kiconco alimtazama mume wake, halafu akakimbilia jikoni kupakua chakula.

Mzee alikuwa anakula bado Siraj alipopiga simu.

"Imekubali?"

"Imekubali."

"Sasa yule Mkongo nimpeleke polisi, vile ulisema?"

Erisa aliangalia kijiko cha baba yake kikipanda na kushuka.

"Mwambie ni mwizi," alisema. "Mchafu. Amechezesha mama yangu kwa walevi."

"Sawa."

"Na umwambie asante."

Siraj aliuliza: "Nianze na gani?"

Erisa alimeza mate, na bado yalikuwa machungu.

"Anza na mwizi."