Jekundu au Jeupe

Ofisini kwetu Managua walikuwa wakiniuliza kila siku, "Maryuri, mteja wetu ni nani?" Nilikuwa na jibu la mkutanoni, refu na zuri. Jibu la kweli sikulitoa. Ile programu ya kununulia maua na zawadi kwa simu nilikuwa naichora kwa ajili ya mtu mmoja tu, kaka yangu Norlan, fundi magari mwenye vidole vinene na asiye na subira, anayesoma huku midomo ikisogea.

Norlan aliiuza cherehani ya Mama ili apate nauli ya kwenda Kosta Rika. Mama akasimama mlangoni akamwambia asikanyage tena pale. Hasira hasara. Wiki haikwisha, akaanza kuniuliza kama kaka yangu amepiga simu. "Mtoto akikunyea mkononi utaukata mkono?" alisema, kana kwamba mimi ndiye niliyemfukuza. Lakini Norlan alikuwa amebadilisha namba, na kile kiburi alikirithi kwa Mama mwenyewe. Miaka ikapita. Agosti ya mwaka jana Mama akafariki, nikamzika na majirani. Kaka yangu hakujua kama amesamehewa, wala hakujua kama amefiwa, na mimi sikuwa na pa kumpata. Nilitamani hata aje anitukane.

Basi Don Bayardo, mwenye duka la maua, alipotaka programu ya kuwawezesha walio nje kutuma maua nyumbani tarehe thelathini Mei, sikukuu ya mama, niliikubali kazi kabla hajamaliza sentensi.

Yeye alitaka mashada mia moja kwenye ukurasa wa kwanza, na ramani ya kubonyeza nyumba ya mpokeaji. Tukamwita mama mmoja aliyekuja likizo kutoka ng'ambo, tukampa simu ajaribu. Kidole chake kilizunguka ramani nzima, mwisho kikaingia ziwani.

"Nyumba yetu haimo humu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Mmeitoa?"

Hatukuwa tumeitoa. Sisi wa Managua hatuelekezani kwa namba. Tunaelekezana kwa vitu, na vingi kati ya hivyo vilishakufa: kutoka ilipokuwa sinema, mitaa miwili kuelekea ziwani, mmoja juu. Juu ni jua linakotoka, chini ni linakotua. Sinema yenyewe iliangushwa na tetemeko kabla sijazaliwa, na maisha yangu yote nimeagizwa kuanzia hapo.

Nikaifuta ramani. Mahali pake nikaweka kisanduku kimoja kipana: *Mwelekeze kama unavyomwelekeza dereva wa teksi.* Mashada mia nikayaficha nyuma. Ukurasa wa kwanza ukabaki na maua mawili makubwa, kila moja la kutosha dole gumba la fundi magari, na swali: *Jekundu au jeupe?* Hapo hakuna wa kueleweshwa. Sikukuu ya mama, mwenye mama hai huvaa jekundu, aliyefiwa huvaa jeupe.

"Unawakumbusha watu msiba mlangoni?" Don Bayardo alifoka. "Hiyo ni nuksi ya biashara!"

"Waliofiwa nao wananunua, Don Bayardo."

Alikuna kidevu. Hoja ya kununua humwingia haraka.

Yader, kijana wetu wa kuandika programu, hakuniacha salama hata siku moja. Kwenye sehemu ya kupeleka mzigo niliweka njia mbili: *Pelekeni nyinyi*, na *Nitauchukua mwenyewe.*

"Dada, samahani," alisema, "mtu yuko Uhispania anabeba mabox. Atauchukuaje mwenyewe? Ataogelea?"

"Iache."

"Hakuna atakayeibonyeza hiyo."

"Nimesema iache, Yader. Kitufe kinakula ugali wako?"

"Mimi sili ugali, nakula nakatamal," alijibu, akacheka, akaiacha.

Na mtu akikosea kuandika, programu nyingine humwambia maneno makavu ya kiofisi. Yangu ilisema: *Taratibu, kichwa cha nyumbu. Jaribu tena.* Hivyo ndivyo Mama alivyokuwa akimwambia Norlan akilazimisha kufuli, akigombana na hesabu, akivaa shati kwa fujo mpaka vifungo vinaruka. Don Bayardo aliposoma alishika kichwa chake mwenyewe.

"Tunamtukana mteja?"

Lakini wote tuliowajaribisha walicheka, kisha wakajaribu tena. Ikabaki. Nilijua Norlan atakosea. Kwa vile vidole, lazima akosee.

Mei ikafika na oda zikaanza kumiminika. Kutoka ilipokuwa bekari. Kutoka palipokuwa na mti mkubwa wa mlozi. Kutoka kwa marehemu fundi viatu, nyumba ya geti la kijani kama bado ni la kijani. Nilizisoma zote. Watu walikuwa wanaagiza keki na mawaridi, lakini ndani ya kile kisanduku walikuwa wanatembea kwenda kwao.

Siku mbili kabla ya sikukuu Yader alipiga kelele kutoka mezani kwake.

"Dada Maryuri, njoo uone kichekesho! Huyu kakosea mara nne, kaitwa kichwa cha nyumbu mara nne, halafu sikiliza anuani yenyewe: 'Kutoka alipozikwa Daktari, nusu mtaa kuelekea ziwani, nyumba ya pili.' Daktari gani sasa? Mwendesha pikipiki wetu aende akaulize makaburini?"

Daktari alikuwa kasuku wa Mama. Norlan alimlisha parachichi, akafa, tukamzika chini ya nguzo ya umeme na kumwapia Mama kwamba ameruka. Mama aliacha mlango wa tundu wazi mpaka siku anakufa, akitumaini. Duniani kote palikuwa na watu wawili tu wanaojua yule ndege yuko wapi. Norlan alikuwa ameisikia sauti ya Mama ndani ya simu, akajua ni nani aliyeiweka, akaniandikia mimi.

"Kachagua rangi gani?" niliuliza.

"Jekundu. Na kadi: 'Mama, cherehani nimeshainunua. Nitaileta mwenyewe.' Jina hakuweka, namba kaficha. Dada? Mbona unalia?"

Nililia, sikuona haya. Nilikuwa nimemngoja miaka yote ile, na sasa amekuja na ua jekundu mkononi.

"Kamwekee jeupe," Yader alisema polepole nilipomweleza. "Au mpigie Don Bayardo, turudishe pesa."

"Kanunua jekundu. Mama atapelekewa jekundu."

Tarehe thelathini makaburi yalijaa watu, wapiga gitaa, na moshi wa nyama. Kila aliyekuwa pale alikuwa na ua jeupe kifuani. Mimi nilipita katikati yao na mawaridi mekundu tupu, na watu wakanitazama kama mtu aliyepotea njia au aliyerukwa na akili. Niliyaweka kwa Mama. Nikamsomea kadi kwa sauti, ile habari ya cherehani nikairudia mara mbili, maana mwishoni alikuwa hasikii vizuri.

Programu humruhusu mpokeaji kumjibu mtumaji. Hiyo pia niliichora mimi, nikiwa na sababu zangu. Nilikaa ukingoni mwa kaburi, nikapiga picha ya maua, nikaandika, nikafuta, nikaandika. Sikujua namna ya kumwambia mtu jambo kama lile. Mwishowe nikamwelekeza tu, kama dereva wa teksi:

*Kutoka tulipomzika Daktari, mitaa minne kusini mpaka lango la makaburi. Ingia, nenda chini hadi kwenye bomba la maji. Kaburi la bluu. Yumo tangu Agosti. Alikusamehe wiki ileile, kichwa cha nyumbu. Mlango niliuacha wazi.*

Nikabonyeza. Alama ya kusomwa ikatokea papo hapo. Niliwangoja wapiga gitaa wamalize, nikangoja watu wakunje viti vyao, simu imelala kwenye paja.

Asubuhi niliingia ofisini nimevimba macho. Sikukuu imepita, Don Bayardo yuko dukani kwake anafagia majani, oda zimekatika. Yader hakunitania. Aliigeuza skrini yake nione na akasogea pembeni.

Oda ilikuwa moja. Jeupe. Anuani ilikuwa maneno yangu mwenyewe, yamenakiliwa yote hadi kichwa cha nyumbu. Na chini yake, kwa mara ya kwanza tangu tufungue, mtu alikuwa amebonyeza *Nitauchukua mwenyewe.*