Foleni ya Kurudisha Imani

Mapazia ya ofisini yakilowa huwa mazito kama mgonjwa, na dobi alikuwa ameyakamua tangu alfajiri mpaka viganja vikamvimba. Yalikuwa ya kampuni ya akiba na mikopo iliyofunga milango mwezi uliopita, ikasema fedha za watu zimekwama, kisha ikafunguliwa tena juzi baada ya serikali kuimwagia fedha za walipa kodi. Kampuni ilikuwa hoi, lakini ilitaka mapazia yake yanukie.

Mtaani dobi huyu, mama mjane, walimwita Mpaka Nione. Ukimwambia mvua imenyesha, anatoka nje kushika ardhi. Watu walimcheka sana, ila wakishuku kwamba muuza mafuta anawapunja, walimtuma yeye akapime. Mara moja tu maishani aliamini kitu bila kukishika, akaweka akiba yake yote kwenye kampuni hiyo, na ndiyo iliyokwama. Ilikuwa ada ya binti yake, mwaka wa mwisho wa chuo cha uuguzi. Chuo kilikuwa kimemrudisha nyumbani, kikasema asipolipa kufikia Ijumaa nafasi yake anapewa mwingine. Leo ilikuwa Alhamisi.

Alipoingia kwa mlango wa nyuma na mapazia kichwani, meneja wa tawi alimvutia kiti. Hilo peke yake lilimtia wasiwasi. Miaka yote ya kumfulia, hakuwahi kukaribishwa hata kuegemea ukuta.

Meneja alieleza kwa sauti ya asali. Wateja wameingiwa na hofu, kila anayekuja anataka kutoa tu, na wengi wanaambiwa wasubiri ukaguzi. Basi atampa bahasha yenye fedha, azunguke mlango wa mbele, apange foleni kama mteja yeyote, aiweke kaunta watu wakimwona.

"Wewe ukiweka, mtaa mzima utaweka," alisema. "Ukimaliza, akiba yako unaondoka nayo leo hii."

"Mpaka nione."

Meneja akafungua droo, akatoa bunda lililofungwa kwa mpira, akalilaza mezani. Ilikuwa akiba yake, kamili. Dobi akanyoosha mkono alishike. Bunda likarudi ndani, ufunguo ukazungushwa.

Akauliza kama za kwenye bahasha ndizo zile za serikali. Meneja alicheka, akasema pesa haina jina, na kwamba kampuni ingeanguka wangeumia watu wadogo kama yeye, kwa hiyo serikali imewaokoa wao. Dobi akajiuliza: kama aliyeokolewa ni yeye, mbona akiba yake iko kwenye droo ya mtu mwingine? Alichukua bahasha.

Foleni ilikuwa fupi. Mbele yake mwalimu mstaafu, aliyekuja kuulizia kiinua mgongo chake, alikuwa akibishana na mlinzi wa mlangoni. Mtoto wako akicheza kamari ukamlipia deni, alisema mwalimu, hujamwokoa, umemwongezea mtaji. Mlinzi akamjibu kwamba kampuni ikifa na mshahara wake umekufa, naye ana watoto wanne. Mwalimu akavua miwani, akaifuta. Dobi aliona wote wawili wana haki, na hilo ndilo lililomuudhi. Wanaozama ni hawa, kamba wametupiwa wengine.

Mara akaguswa bega. Alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, anahema, fundo la kitambaa limebanwa kwapani. Nyuma yake walikuwa wamekwisha kujipanga majirani watatu.

"Wifi, kumbe mambo yametengemaa," wifi alisema. "Nimesikia uko humu unaweka. Nikasema kama wewe umeridhika, mimi nani? Nimekuja na zile za bati."

Dobi aliitikia kwa kichwa. Fedha hizo za kununulia bati wifi alikuwa akizidunduliza tangu paa lake lilipoanza kumvujia kitandani.

"Karibu, mama, leo unaweka?" karani wa kaunta aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kama alivyoagizwa.

Dobi alimfikiria binti yake, ameketi nyumbani na sare iliyopigwa pasi, haina pa kwenda. Aliitaka ile akiba kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alinyoosha mkono wenye bahasha, ukafika kwenye kioo, akaurudisha.

"Wifi," alisema bila kugeuka, "hizo za bati rudi nazo nyumbani."

"Kwa nini?"

"Rudi nazo tu. Tutaongea."

Minong'ono ikaanza. Dobi akatoka kwenye foleni, akaelekea mlangoni, roho inamuuma, hata hakukumbuka alichokishika. Meneja, aliyekuwa amesimama pembeni akiwatabasamia wateja, alimfuata karibu mbio.

"Mama! Bahasha! Hiyo bahasha ni ya kampuni!"

Ukumbi mzima ukageuka. Meneja alijisikia mwenyewe alivyosema, akajaribu kucheka, kicheko hakikutoka.

"Ya kampuni vipi," mwalimu aliuliza taratibu, "na yeye ndiye alikuwa anaiweka?"

Dobi alirudi hatua chache, akamwekea meneja bahasha mkononi. Alijua ile droo haifunguliwi leo wala kesho, na kwamba akifika nyumbani binti yake atamtazama usoni kabla hajauliza.

"Zihesabu," alimwambia.

Meneja angeweza kuitia bahasha mfukoni yakaisha. Lakini kampuni iliyopoteza akiba za mji mzima asiulizwe mtu haikuweza kumwamini dobi. Meneja akalowanisha kidole, akahesabu noti moja moja mbele ya foleni yote. Alipomaliza, akaanza upya.