Kipa Mnene wa Uwanja wa Chumvi

Mzee Cleophas alilamba kidole, akakielekeza mbinguni. "Haki ya Mungu, ninachowaeleza ni kweli tupu! Nikitia hata neno langu moja, banda zima nawanywesha pombe ya kimpumu."

Banda hilo la video lilikuwa la Redempta, pale Sumbawanga, enzi za ruksa, video zilipoanza kupanda hadi Ufipa. Kanda alikuwa nazo kibao, ila watu walitaka moja tu: ile ya Wazungu wenye viatu vya visu wanaoteleza wakigombea kidude cheusi kwa fimbo, na kipa mnene anayedondokwa na suruali katikati ya mechi. Kila Jumapili baada ya misa suruali ile ilidondoka, na kila Jumapili watu wa Pito hadi Msanzi walicheka kana kwamba safari hii walidhani itashika.

Mkalimani ndiye Cleophas, mstaafu wa ujenzi wa barabara. Alidai Kiingereza kilimwingia kwa kukaa karibu na injinia. Kwa ukalimani huo aliingia bure na kukalia benchi la mbele, benchi alilolipenda kuliko kitanda chake.

"Huo weupe chini ni nini, mzee wangu?" aliuliza Shija, mfugaji aliyehamia na ng'ombe zake kutoka Shinyanga.

"Chumvi. Kwao huimwaga uwanja mzima."

"Chumvi yote hiyo, na hakuna hata ndama anayelamba?"

Banda likaangua kicheko. Cleophas akawahi kusema ng'ombe wa Ulaya hulamba sukari, lakini Shija hakucheka.

Jumapili iliyofuata mvua ikalipiga bati hadi husikii kikohozi chako mwenyewe. Cleophas akapaza sauti kama anaita ng'ambo ya bonde: "Kocha anasema, 'Mkweo kafika, funga mkanda!' Kipa anajibu, 'Mkanda nimefungia mbuzi wa mahari!'"

Suruali ikadondoka. Watu hoi.

Ghafla mvua ikakatika.

"Refa naye anasema mbuzi mwenyewe ana mimba..." Cleophas akagundua ni sauti yake peke yake inayosikika. Kwenye runinga midomo ilikuwa ikichezacheza, sauti hakuna.

Nyuma kule Shija akafunua shuka. Spika ya runinga ilikuwa mapajani mwake, waya unaning'inia kama mkia. "Nimeichomoa kabla hujaketi. Refa umemsikia kwa sikio gani, mzee wangu?"

"La kulia," akasema Cleophas. "La kushoto lina nta."

"Kimpumu, babu!" Redempta akapiga makofi.

"Na benchi langu?" akauliza Cleophas kwa sauti ndogo.

Redempta akaichukua spika aichomeke. Banda zima likapiga kelele: "Iache hukohuko! Itatuharibia maneno ya mzee!"

Benchi likapona, kimpumu hakikupona. Jioni Cleophas alikuwa amechuchumaa, akimimina maji ya moto chunguni huku mirija ya wenzake imekizunguka chungu, yeye hana hata mmoja.

Shija akatoa mrija mdomoni. "Haya, mzee wangu, yule mbuzi alizaa?"

"Mapacha," akajibu Cleophas. "Haki ya Mungu!"

"Chungu cha pili hicho!" akadakia Shija.

Cleophas akainuka kwenda kukichukua.