Kilti ya Kiuno cha Struan

Murdo MacAskill alifika miaka hamsini na mitatu bila kuvaa kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, hata siku moja, na katika bonde la Achnagair hilo ni jambo la kusemwa. Wenzake walizivaa harusini, kwenye michezo ya kiangazi, kwenye mkesha wa Mwaka Mpya, wengine wakalewa nazo hadi wakalala nazo mitaroni. Yeye alivaa suruali. Hata alipooa alisimama kanisani na suti ya kijivu, baba yake pembeni amependeza ndani ya kilti yenye rangi za kikosi chake cha jeshi, marinda ya nyuma yamenyooka, soksi zimekaza, kisu kidogo kimechomoza kwenye soksi ya kulia. Mgeni akizitazama picha za siku ile atadhani bwana harusi ni yule mzee.

Sababu ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa huyo huyo mzee Fearchar.

"Kilti ya kukodi?" alimwambia Murdo siku zile. "Nguo iliyotapikiwa na walevi wa Glasgow wiki iliyopita, leo uivae wewe, mwanangu mimi? Labda niwe nimekufa. Yangu itakuja kuwa yako. Subiri."

Murdo akasubiri. Mkewe alichoka kumsubiri yeye, akaondoka zake. Mzee akapata kiharusi, na Murdo akauza nyumba yake ndogo akarudi kwa baba, akamwosha, akamlisha, akambadilisha nguo za ndani, miaka tisa. Mdogo wake, Struan, alikuwa Kanada, na kazi yake ilikuwa kupiga simu Krismasi. Watu husema mcheza kwao hutunzwa. Waliosema hivyo hawakuwahi kucheza kwa Fearchar.

Mzee alifariki Jumatatu. Jumanne, baada ya watu wa mazishi kuondoka na mwili, Murdo alifungua kabati la baba yake, akaitoa kilti kwenye mfuko wake wa kitambaa, akaitandaza kitandani. Miraba ya kijani na bluu iliyokolea, sufu nzito inayonuka dawa ya nondo. Aliitazama kwa muda mrefu kabla ya kuijaribu. Asidanganyike mtu: alikuwa na huzuni, lakini alikuwa na furaha pia, ile furaha ya aibu ya mtu aliyekaa kwenye foleni muda mrefu na sasa anaitwa jina.

Akavua suruali. Akaizungusha kilti kiunoni, pande la ndani kwanza, kisha marinda nyuma, kisha pande la mbele lije kufunga kulia. Alijua yote hayo kwa macho, maana alikuwa amemfunga baba yake mara nyingi. Akavuta mikanda ya ngozi. Haikufika. Akajibana tumbo, akavuta tena. Kati ya mkanda na bizimu yake palibaki nafasi ya kiganja kizima.

Hapo Murdo alishangaa, maana yeye na baba yake walikuwa na umbo moja. Koti la mzee lilimkaa, kofia ilimkaa, buti zilimkaa. Akajiambia kwamba mzee alikonda mwishoni, huenda aliipunguza. Lakini moyo wake haukukubali, kwa kuwa mzee alipokonda alikuwa haivai tena. Akaikunja, akaiweka kwenye gari, akaenda mjini Dingwall kwa Ishbel Gollan, mshonaji wa kilti.

Ishbel alikuwa amesoma naye darasa moja. Alimpa pole, akamtengea chai, na alipouona mfuko mikononi mwake akakiweka kikombe chini.

"Hainifikii," Murdo alisema. "Nani aliibana?"

"Mimi."

"Lini?"

"Miaka mitatu iliyopita, majira ya kuchipua. Murdo, kunywa chai kwanza."

"Alikuja na nani huku?"

"Si ulimleta wewe? Ulikaa garini hapo nje, na chupa yako ya chai."

Akaikumbuka siku ile. Mzee alisema anakwenda kutengenezewa kifungo cha koti, hataki kusindikizwa, yeye si mtoto. Murdo alimshusha, akamfungia kamba za viatu, akamsubiri garini mvua ikinyesha, na mzee akatoka akiwa mchangamfu kuliko kawaida. Njiani walisimama wakala samaki na chipsi. Murdo aliihesabu siku ile kuwa mojawapo ya siku nzuri.

"Alisema ni ya nani?"

Ishbel akatazama sindano zake. "Alileta suruali ya zamani ya Struan, nipime kiuno. Akasema ni ya Struan. Nikamuuliza, na Murdo je? Akaniambia nishone nilichotumwa."

Shukrani ya punda ni mateke, hilo Murdo alilijua. Lakini yeye alimpeleka punda kwa gari lake mwenyewe, akangoja teke nje.

"Irudishe," alisema.

"Murdo, bwana. Huo ni kama wasia wa marehemu."

"Marehemu hana kiuno tena. Irudishe kipimo changu, Ishbel. Mazishi ni Ijumaa."

Ishbel akachukua mkasi. Alifumua bizimu, akazisogeza, akashona kwa uzi uliopakwa nta, na Murdo akakaa kwenye kiti kama anayengoja kung'olewa jino. Ilipokwisha alimsimamisha nyuma ya pazia avae, kisha akamwambia apige magoti, maana kilti ikiwa sawa pindo lake hugusa sakafu kidogo tu mtu akiwa amepiga magoti. Murdo akapiga. Ilikuwa sawa kabisa.

"Pini ishike pande la juu peke yake," Ishbel alimwelekeza. "Ukiishikiza mpaka pande la chini utatembea kama kuku aliyefungwa miguu, na kitambaa kitachanika. Halafu ukikaa, telezesha mkono nyuma ulaze marinda, usijitupe tu kitini kama mpo baa."

"Tumekaa baa lini, mimi nawe?"

"Ndiyo maana sijui unavyokaa." Akamtengeneza ukosi, akarudi nyuma hatua chache, na macho yake yakalegea. "Imekupendeza, we mjinga. Imekupendeza sana."

Struan alifika Alhamisi mchana, amechoka na safari, mwembamba, suti nyeusi mkononi. Murdo alikuwa ameitundika kilti mlangoni pa chumba cha mbele, mahali ambapo asiyeiona ni kipofu. Aliitundika makusudi. Usiku kucha alikuwa ameyapanga maneno yake: nani alikuwa wapi, nani alimgeuza mzee kitandani, nani alifua mashuka. Alitaka ugomvi kama mtu anavyotaka chakula.

Struan aliiona, akatabasamu. "Aa, utaivaa? Safi sana, kaka."

"Ni yako," Murdo alisema. "Aliibana ikufae wewe. Nimeirudisha kipimo changu. Ukiwa na neno, sema sasa."

"Neno gani? Najua aliibana. Alinisumbua kwenye simu na hilo litambaa mpaka nikachoka. Nikamwambia, baba, mimi Calgary ntaivaa wapi, kwenye theluji? Mpe Murdo. Nilimwambia si mara moja wala mbili. Mpe Murdo, ndiye mkubwa, ndiye yuko hapo."

"Akasemaje?"

"Akakata simu." Struan akafungua friji. "Kuna chochote cha kula humu?"

Yale maneno yote aliyoyapanga Murdo yakakosa kazi. Kupigania kitu na mtu anayekitaka, hiyo ni vita, na mtu anaweza kushinda. Lakini mdogo wake alikuwa amekikataa, na bado mzee aliona afadhali kilti iliwe na nondo kabatini kuliko kumpa aliyekuwa anamvalisha soksi. Kwa nini? Swali hilo lililala naye, likaamka naye.

Ijumaa alivaa. Soksi ndefu za sufu, mkoba wa ngozi mbele, pini pande la juu peke yake. Alipotoka nje upepo wa Novemba ulimpiga magotini, akastuka kama mtu aliyefungua mlango wa chumba asichokijua katika nyumba yake mwenyewe. Lakini alipoanza kutembea nyuma ya jeneza, uzito wa marinda ukawa unayumba na hatua zake, kushoto, kulia, na mgongo wake ukanyooka wenyewe. Alielewa ni kwa nini wanaume wa bonde lile hutembea vile.

Kaburini msimamizi wa mazishi aliita wenye kamba za kushushia jeneza, mmoja mmoja. Kamba ya kwanza, ya kichwani, ni ya mtoto mkubwa, na Murdo aliishika. Struan alishika ya miguuni. Jeneza likashuka taratibu, kamba ikiteleza viganjani, na Murdo hakulia. Alikuwa anawaza: unaniona? Nimeivaa. Unaniona?

Watu walimpa mkono. "Fearchar mtupu," walisema. "Kama nimemwona yeye mwenyewe." Mpaka mchungaji, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, akasema kwamba damu haipotei. Murdo akayapokea maneno hayo yote, akaanza kuamini kwamba huenda yangetosha.

Hotelini waliandaliwa pai ya nyama na viazi, na wiski kwa anayetaka, na kila mmoja alitaka. Mezani pa pembeni alikuwa amekalishwa Mzee Dugald, rafiki wa Fearchar tangu jeshini, mtu wa miaka karibu tisini, macho yamefunikwa na ukungu. Aliishi kwenye nyumba ya wazee huko Inverness, na alikuwa hajafika Achnagair tangu watoto wa Fearchar wakiwa wavulana. Kila Jumapili yeye na Fearchar waliongea kwenye simu. Murdo ndiye aliyekuwa akimpigia baba yake namba, kisha akitoka chumbani.

Akaenda kumwamkia. Mzee Dugald hakumtazama usoni. Alinyoosha mkono, akakamata pindo la kilti, akalisugua kwa vidole.

"Hiki nakijua," alisema. "Struan. Karibu ukae, mwanangu. Alijua utakuja kuivaa tu, hata ulivyokuwa unamgomea."

Murdo alifungua mdomo amsahihishe. Kisha akatelezesha mkono nyuma, akalaza marinda, akakaa.

"Mzee Dugald," alisema polepole, "kwa nini hakumpa Murdo?"

"Yule wa nyumbani?"

"Huyo."

Mzee alitafuna kidogo. "Usije ukadhani hakumpenda. Alimpenda, tena sana. Nami nilimuuliza hivyo hivyo, nikamwambia, Fearchar, huna haya, huyo kijana amekupa maisha yake. Unajua alinijibu nini? 'Dugald, Murdo amenipangusa matako miaka tisa. Ameniona nikilia kwa kuwa nimejikojolea. Nikimwona ndani ya kilti yangu, nitajiona mimi niko uchi kitandani. Struan ananikumbuka nilivyokuwa. Aichukue anayekumbuka mwanamume.' Ndivyo alivyosema, Mungu amrehemu. Usimwambie nduguyo."

"Sitamwambia."

"Maskini. Yuko wapi leo?"

"Hayupo," Murdo alisema.

Pale mezani kelele ziliendelea. Struan alikuwa kaunta, anachekesha watu kwa habari za Kanada. Murdo aliikalia ile sufu nzito iliyomkaa sawasawa na akaona miaka tisa yote ikigeuka juu chini, kila sahani ya uji, kila shuka, kila usiku wa kuamka. Alidhani alikuwa anailipia kilti. Kumbe kila asubuhi alipochemsha maji alikuwa anajinyima kilti hiyo mwenyewe. Hasira ilimjaa, na hapakuwa na mtu wa kumtupia, maana mmoja alikuwa chini ya udongo na mwingine alikuwa kipofu anakula pai.

Mchuzi ulimtoka Mzee Dugald mdomoni, ukateremka kidevuni, ukaelekea kwenye ukosi wa shati lake jeupe. Murdo hakufikiri. Mkono wa kushoto ukaenda nyuma ya shingo ya mzee kuishikilia, wa kulia ukakunja leso pembe, ukapangusa kutoka chini kwenda juu, kidevu kwanza, kisha kona za mdomo, upesi, bila kukwaruza, kisha ukamgusa shavuni kidogo kumjulisha kwamba imekwisha.

Mzee Dugald aliacha kutafuna. Huko Inverness alipanguswa hivyo kila siku na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, na alijua mkono uliozoea na mkono usiozoea.

"Si Struan wewe," alisema.

"Hapana, mzee."

"Ni yule mwingine."

"Ni mimi. Kula, pai inapoa."

Lakini mzee hakula. Alisukuma sahani, akageuza uso wake dirishani, masikio yamemwiva kwa aibu. Baba naye alikuwa akigeuza uso hivyo hivyo kila asubuhi, beseni likiwekwa kando ya kitanda, na kwa miaka tisa Murdo alidhani mzee anapenda tu kutazama nje.